Kofia ya Idarusi

Masinde aliondoka siku ya Ijumaa, nikiwa darasani.

Darasa letu lilikuwa katika ukumbi wa mtaa pale Kaloleni, kila Jumanne na Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa wanawake wa Majengo, Shauri Moyo, Makongeni na Eastleigh, na kila mmoja alikuja na ufundi wake. Nthambi alisuka vyondo, Nurto alichanganya udi na unsi vya kufukizia, mimi nilidarizi kofia za viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, kama alivyonifundisha marehemu mama. Ufundi tulikuwa nao. Tulichokosa ni namna ya kuufanya utulishe. Basi Mwalimu Khavere, mama wa Maragoli mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, alikuwa akitufundisha kupanga bei, kuweka mali mezani ikaonekana, na kuzungumza na mnunuzi bila kumbembeleza wala kumfokea.

Masomo yangemalizika kwa maonyesho. Kila mwanafunzi ambaye angeleta kazi iliyokamilika na kuiuza mbele ya watu angepata nafasi katika kibanda cha kikundi chetu cha wanawake, karibu na Soko la Burma. Ambaye hakuuza angengoja darasa jingine, na hakuna aliyejua kama darasa jingine lingekuwapo.

Ijumaa hiyo tulikuwa kwenye somo la bei.

"Muhiba," Mwalimu Khavere aliniita. "Hiyo kofia bei gani?"

"Hii si ya kuuza, Mwalimu."

"Sikukuuliza kama ni ya kuuza. Nimekuuliza bei."

Mapajani nilikuwa na mkanda wa pembeni wa kofia, kitambaa cheupe kirefu, nusu yake nimeshajaza viua. Ningetajaje bei ya kitu ambacho kila tundu lake nilikuwa nikilitoboa nikimfikiria mtu?

"Mwalimu, usimsumbue," Nthambi akadakia. "Hiyo ni ya yule mwenye afro. Muulize mwenyewe, si huyo dirishani?"

Darasa zima likageuka. Masinde alikuwa amesimama nje ya dirisha na nywele zake zile, duara kubwa jeusi lililojaza fremu nusu nzima. Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka, na hapo ndipo nilipochomeka sindano kwenye leso begani, nikainuka bila kuomba ruhusa.

"Kuna nini?"

"Nyongesa amekufa."

Nyongesa alikuwa kaka yake, wa kwanza kwa mama yao. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua kwa kusimuliwa: ndiye aliyeuza ng'ombe Masinde akasoma, ndiye aliyemsindikiza mpaka stesheni siku alipokuja Nairobi kutafuta kazi.

"Masinde, pole. Pole sana. Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Telegramu haielezi. Imeletwa kiwandani saa hizi, nikiwa kwenye mashine." Bado alikuwa na nyuzi za pamba mikononi, kutoka kile kiwanda cha mablanketi kule Baba Dogo. "Naondoka na basi la jioni."

"Utarudi lini?"

"Tukishazika na kumaliza mambo ya nyumbani." Akautazama mkanda niliokuwa bado nimeushika. "Hiyo umefika wapi?"

"Nusu ya mkanda. Na cha juu bado sijakigusa."

"Basi nitakuwa nimerudi hujamaliza. Siku ya maonyesho utanivisha wewe mwenyewe, Nthambi akiona, aache maneno."

"Nasikia!" Nthambi akasema kutoka ndani.

Hakunishika mkono. Madirisha yote yalikuwa na macho, naye alikuwa amemwahidi Baba kwamba hatanigusa kabla ya ndoa. Alinyoosha vidole viwili tu, akaichomoa ile sindano begani kwangu, akaniwekea kiganjani.

"Itakuchoma hii," akasema. "Itafutie mahali pa kukaa."

Kisha akaenda. Nilimtazama mpaka nywele zake zikapotea kwenye kona ya nyumba za reli.

*

Na Masinde tulijuana dukani kwa Baba, Majengo. Baba yangu, Mzee Haji, alikuwa na duka dogo la majani ya chai, sukari, sabuni na mafuta ya taa, na kuanzia alasiri mimi ndiye niliyekaa nyuma ya kaunta. Kijana wa kiwandani akawa anapita kila jioni kununua kiberiti. Hakuwa akivuta sigara, na chumba chake alichokipanga Shauri Moyo kilikuwa na taa ya umeme. Siku Baba alipomuuliza viberiti vyote hivyo ni vya nini, aliishia kutaja jina langu.

Shangazi Mgeni, dada yake Baba aliyenilea baada ya mama kufariki, hakutaka hata kusikia.

"Haji, umempa mtoto kaunta, sasa ameuza duka," alisema. "Mtu wa bara, si wa dini yetu, kwao hatukujui, tena kichwani ana kichaka! Ndege watataga mle."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua wiki kadhaa, kisha akamwita Masinde barazani. Alimwambia mawili: asilimu kwa moyo wake, si kwa ajili ya msichana, na wazee wake waje wenyewe kuposa. Masinde akakubali yote mawili. Tangu hapo kila Ijumaa jioni alikaa barazani na Baba akijifunza, na Baba akampenda kimyakimya, kama alivyopenda vitu vyote. Jina la kusilimia alimchagulia yeye mwenyewe: Idarusi, jina la babu yake.

Kwetu msichana humdarizia mchumba kofia. Nilitaka Masinde avae yangu siku ya kusilimu. Lakini kofia hufuata kipimo cha kichwa, na mimi singeweza kumgusa.

"Nitampima mimi," Baba akasema.

Alitwaa uzi wa kufungia sukari. Masinde akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Baba akauzungusha ule uzi juu ya zile nywele, polepole, kama mtu anayepima chungu kilichotoka motoni.

"Bana tu, Mzee," Masinde alisema.

"La, la. Yatosha."

Alikuwa mtu wa haya. Aliona si adabu kukandamiza nywele za mwanamume mzima. Akafunga fundo kwenye uzi, akanipa, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kilichopimwa kilikuwa nywele, si kichwa. Shangazi Mgeni ndiye pekee ambaye angeligundua, lakini alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko.

*

Mwezi ulipita, ukaanza mwingine. Masinde hakurudi. Alileta salamu mara moja, kupitia mfanyakazi mwenzake: mambo ya nyumbani hayajaisha, nisubiri.

Nilisubiri nikidarizi. Wenzangu walikuwa wameshatengeneza vitu vingi vya kuchagulia, mimi nilikuwa na kofia moja tu. Mwalimu Khavere alinionya.

"Huu mkanda ni wa kichwa cha nani?" aliuliza, akiuvutavuta. "Au cha mtungi?"

"Cha mtu, Mwalimu."

"Sokoni watu hununua saizi ya kawaida. Tengeneza nyingine, hata ya viua vichache."

"Nikimaliza hii."

Alinitazama juu ya miwani, akaacha. Alikuwa mjane, na nafikiri alielewa zaidi ya alivyosema.

Ijumaa ya mwisho, kesho yake ikiwa maonyesho, kofia ilikuwa tayari. Mkanda na duara la juu vilikuwa vimekamilika, nami nilikuwa nimevishikiza pamoja kwa nyuzi ndefu za kujaribia tu. Sikutaka kuishona kabisa kabla hajaivaa.

Nthambi akanigusa kiwiko.

"Muhiba, dirishani kuna mtu."

"Nani?"

"Sijui. Mzee mmoja ana upara."

Nikatazama. Alikuwa mwanamume mwembamba, kichwa kimenyolewa mpaka kinang'aa, masikio yametokeza pande mbili. Nilikuwa nikirudisha macho kwenye kazi yangu alipoinua mkono, na mkono ule niliujua. Nilitoka mbio, kofia mkononi.

"Masinde!"

"Muhiba."

"Nywele zako!"

"Tulinyolewa. Kwetu akifa mtu, baada ya kuzika watu wa nyumba ile hunyolewa wote. Zikianza kuota, wazee wananinyoa tena, mpaka mambo yaishe."

"Mama wee. Shangazi hatakujua." Nilikuwa nikicheka na machozi yananitoka, ile furaha ya kumwona ilikuwa imenizidi. "Umekuja kabla sijamaliza, kama ulivyosema. Imeshikizwa tu. Kaa hapo nikuone."

Akakaa kwenye ngazi za ukumbi. Nilisahau ahadi yake kwa Baba, nikasimama mbele yake na kumvisha kwa mikono yangu miwili.

Kofia ikateremka. Ilipita paji la uso, ikapita nyusi, ikasimama kwenye pua. Masikio peke yake ndiyo yaliyoizuia isifike mabegani.

Kutoka dirishani Nthambi alipiga ukelele. "Haki ya Mungu! Umemshonea sufuria!"

Wanawake wakaangua kicheko. Masinde akacheka, mabega yakimtikisika chini ya ile kofia, nami nikacheka mpaka nikakaa chini kando yake. Hapo ndipo nilipoona jinsi Baba alivyouzungusha ule uzi. Kisha nikaona kwamba mabega ya Masinde bado yanatikisika na kicheko kimeshaisha.

"Vua nikuone," nikamwambia.

"Wacha kwanza ikae. Nikikuona sitasema."

"Utasema nini?"

Nthambi naye aliacha kucheka, akawavuta wenzake, nikasikia dirisha likirudishwa.

"Siku ya kunyoa, wazee walikaa," akaanza, macho yake yamefunikwa na viua vyangu. "Walisema nyumba ya Nyongesa isife. Wakaniita."

"Nyumba?"

"Nakhumicha. Mkewe. Na watoto, na yule aliye tumboni."

"Ukasema nini?"

"Nilikuwa nimeinamishwa nanyolewa, Muhiba. Mtu hawezi kuinua kichwa wembe ukiwa juu yake."

"Baada ya wembe je?"

"Baadaye nilienda kwa Mama. Nikamwambia nina mtu Nairobi. Nikamwambia baba yake ni mtu mwema, amenipa hata jina."

"Halafu?"

"Aliniuliza jina gani. Nikamwambia. Akasema, 'Mwana mmoja nimemzika mwezi huu. Ukiitwa Idarusi, Masinde nitamzika wapi?' Akakaa chini kwenye udongo, Muhiba. Mama yangu."

Mtoto mmoja alipita akisukuma tairi barabarani. Tulingoja mpaka akapita.

"Dini yetu haikatazi wake wawili," nikasema. "Lea hiyo nyumba. Mimi nitakuwa wa pili."

"Nikisilimu, Mama anakaa kwenye udongo. Nisiposilimu, Mzee Haji hanipi."

"Usimwambie Baba. Nitakuja hivyo hivyo. Leo. Nina leso zangu mbili na sindano, sihitaji kingine."

Aliivua ile kofia hapo. Macho yalikuwa mekundu, na uso wake bila nywele ulikuwa uso wa kijana mdogo na wa mzee kwa wakati mmoja.

"Hapana."

"Hunitaki?"

"Usiniulize hivyo. Unajua." Akaizungusha kofia mikononi. "Yule mzee alinifundisha barazani kwake, Ijumaa kwa Ijumaa, hakuniuliza hata senti ya chai. Nimwibie mtoto? Na wewe utakaa kule shambani ukiwaza nani anamfungulia baba yako duka asubuhi. Utanichukia kabla ya mvua ya kwanza."

"Singekuchukia."

"Mimi ningejichukia."

"Na huyo Nakhumicha? Unampenda?"

"Namheshimu. Alinipikia nikiwa shule. Tangu mazishi amekaa kwenye mkeka, hajanitazama usoni. Yeye pia hakuniomba, Muhiba. Hakuna aliyemuuliza."

Nilitaka kumchukia huyo mwanamke, nikashindwa. Nilimwona tu kwenye mkeka, naye kichwa kimenyolewa.

"Nipe kofia niende nayo," Masinde akasema.

"Haikutoshi."

"Nywele zitaota."

"Zikiota utakuwa mume wa mtu."

Akafumba macho. Kisha akanirudishia kofia kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu.

"Basi iuze."

"Siwezi."

"Kesho ndiyo maonyesho. Nthambi alishanieleza masharti yenu zamani, najua. Hii ndiyo kazi yako pekee, na bila hii huna kibanda."

"Sitaki kibanda."

"Ulikitaka kabla ya kunijua. Siku ya kwanza nilipokuja dukani ulikuwa ukimwambia Shangazi kwamba utakuwa na mahali pako pa kuuzia, mlango ukufungukie wewe. Leo nimekunyima kitu kimoja. Usinifanye nikunyime viwili."

Aliinuka. Nilibaki nimekaa, kwa sababu ningesimama ningemfuata.

Alipofika barabarani nilimwita, si kwa jina lake.

"Nenda salama, Idarusi."

Aligeuka mara moja, kama mtu aliyeitwa hivyo tangu utotoni. Akaweka mkono juu ya kile kichwa kilichonyolewa, mahali ambapo kofia ingekaa. Kisha akageuka tena, akaenda zake.

*

Mwalimu Khavere hakuniuliza yaliyotokea. Aliwaaga wenzangu mapema, akaburuta kiti mpaka mbele yangu.

"Kesho utakuwa na nini mezani?"

Nikamwonyesha kofia.

"Kichwa hiki hakipo sokoni," akasema.

"Najua, Mwalimu."

"Inaweza kupunguzwa. Bado umeishikiza tu. Mkanda utakatwa hapa, duara tulipunguze pembeni, uikunje upya. Lakini itabidi kukata ulichodarizi." Akaniwekea mkasi mapajani. "Mimi sikati kazi ya mtu. Shika wewe."

Nilifumua nyuzi za kushikizia. Nilinyoosha mkanda kwenye meza, nikaupima kwa kipimo cha kawaida cha kofia za sokoni. Kilichozidi kilikuwa kipande cha urefu wa shibiri nzima, kimejaa viua kutoka juu hadi chini. Kilikuwa ndicho cha mwanzo kabisa, nilichokidarizi yeye akiwa bado hapa. Mkono ulikataa. Mwalimu akaangalia pembeni, akangoja, hakunihimiza.

Nikakata.

"Sasa," akasema nilipokuwa naishona, jua likiwa bado lipo madirishani, "bei gani?"

Nikataja.

"Ongeza. Umehesabu uzi na kitambaa. Macho yako hujayahesabu."

Nikaongeza.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa mlangoni mwa duka, tasbihi mkononi.

"Wameniambia kijana amepita," akasema.

"Amepita, Baba."

"Mbona hakufika barazani?"

"Amenyolewa, Baba. Wazee wamempa nyumba ya marehemu kaka yake."

Baba aliishi na watu wa kila namna pale Majengo, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Tasbihi ikasimama vidoleni.

"Nilishamwambia sheikh," akasema. "Nilishanunua tende." Alipoona kofia mkononi mwangu akaichukua, akaitia ngumi ndani, akaona imepunguzwa. "Sikubana uzi. Kosa ni langu."

"Si kosa lako, Baba."

"Ningebana uzi," akarudia, na tulijua wote wawili kwamba hakuwa akisema habari ya uzi.

Shangazi Mgeni alikuwa jikoni. Nilijiandaa kwa maneno yake. Alinipakulia wali, akaniketisha, na nilipomtazama alikuwa akifuta uso kwa pembe ya leso.

"Nilishakizoea kile kichaka chake," akasema.

*

Kesho yake, nje ya ukumbi, niliweka kofia moja peke yake kwenye meza yangu. Nthambi, mwenye vyondo vimepangwa mpaka chini, alinisogezea kitambaa cheusi nikitandike ionekane vizuri. Alikuja mtu mmoja wa Eastleigh, Bwana Kombo, na binti yake. Akaijaribu mbele ya kioo cha Mwalimu. Ilimkaa sawasawa.

"Binti, umenipima lini?" aliuliza akitabasamu.

"Ni saizi ya kawaida, mzee wangu."

Nilitaja bei na sauti yangu haikutetemeka. Hakushindana nami. Alitoka nayo kichwani, nami nikaifuata kwa macho ikipita katikati ya watu, nyeupe, ikivuka ule moshi wa nyama za Burma, mpaka sikuiona.

"Usilie akiwa bado karibu," Nthambi aliniambia chini chini. "Atadhani umemwuzia rahisi." Kisha akanikumbatia.

Nikapata kibanda.

Walipokuja watu kuniposa baada ya hapo, Baba aliniuliza kwanza, kila mara, na kila mara aliikubali hapana yangu bila kuuliza tena. Yeye naye sasa ni marehemu. Mwalimu Khavere alistaafu akarudi Maragoli, na kikundi kikanipa mimi darasa.

Mwaka huu, wakati wa mvua za masika, nilikuwa kibandani redio ikisoma matangazo ya vifo. Likasomwa jina la Masinde. Wakasema ameacha mama yake mzazi, mke wake Nakhumicha na watoto, na mazishi ni Jumamosi nyumbani kwake. Wakasoma majina ya ndugu, ya kanisa, ya wafanyakazi wenzake wa zamani wa Baba Dogo. Halafu likaja tangazo la mtu mwingine. Eda ni ya mke, hivyo sikukaa eda. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu akingoja chenji, nikampa.

Jumanne darasa jipya linaanza ukumbini pale pale. Nitaanza na kupima kichwa, na uzi nitawaonyesha kuubana mpaka uguse ngozi.

Kile kipande nilichokikata nilikikunja mara mbili, nikakishona pembeni. Sindano zangu hukaa humo.